Makofi Mawili ya Njoo

Miaka sita Bujiku alikuwa utingo wa Makame, na katika miaka hiyo sita hakuona hata siku moja mikono ya Makame inafanya nini lori linaporudi nyuma. Macho alikuwa nayo, tena mazuri. Ila kila lori lilipotaka kurudi, yeye alifukuzwa kitini. "Shuka ukanipigie," ndivyo alivyoambiwa, naye alishuka, mvua ya Mufindi isimzuie wala baridi ya Makambako, akaenda kusimama nyuma kabisa ya tela na kupiga bodi kwa kiganja. Makofi mawili, njoo. Kofi moja, simama.

Kwenda mbele alifundishwa. Leseni alikuwa nayo, na kwenye tambarare ya Chimala, Makame akizidiwa na usingizi, ni Bujiku aliyelishika lori mpaka Igawa. Pale anazima injini, anamwamsha bwana mkubwa, anamkabidhi funguo, anarudi upande wake. Lakini rivasi! Madereva wa barabara ile waliificha rivasi kama dawa ya ukoo. Utingo akishaijua, walisema wakinywa chai, kiti si chako tena. Walisema hayo mbele ya utingo wao, wakicheka, na Bujiku naye alicheka pamoja nao. Kucheka kule ndiko kulikokuja kumuuma baadaye.

Mwaka 1974, mwezi wa tatu, kampuni ilinunua lori jingine. Liberatus, msimamizi wa yadi ya Mbeya, mtu wa maneno machache na kalamu mbili mfukoni, alimwita Bujiku ofisini. Akamwambia kwamba Jumamosi atapimwa: arudishe lori na tela lake ghalani, kati ya nguzo mbili, bila kugusa kitu. Akiweza, lori jipya ni lake. Akishindwa, dereva ataletwa kutoka Dar es Salaam, na yeye ataendelea kupiga bodi.

Bujiku alimwendea Makame kwa heshima zote, akamwomba amfundishe. Makame alikuwa mzaliwa wa Pangani, na Kiswahili chake kilikuwa laini kiasi kwamba hata tusi lake ungelidhani salamu. Kuligusa tela hakumruhusu, eti lisije likaharibika kabla ya mtihani. Akamfundisha kwa mdomo.

"Tela kaidi, mwanangu," alisema. "Siku zote huenda kinyume. Ukitaka mkia uende kushoto, zungusha usukani kulia. Shika hilo tu, mengine yatakuja yenyewe."

Mwanangu, alimwita. Tulikumbuke neno hilo.

Zilibaki siku tano. Bujiku alipanda gari mpaka Chimala, kisha akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwao Usangu, ambako baba yake alihamia na ng'ombe kutoka Usukumani. Pale uani palikuwa na mkokoteni wa ng'ombe, wa magurudumu mawili. Akaufungua, yeye mwenyewe akaushika mti wa kuvutia mahali pa ng'ombe, akaanza kuusukuma kinyumenyume. Mti ukienda kulia, mkia unaenda kushoto. Kumbe kweli! Alimshukuru Makame moyoni. Siku tatu nzima alisukuma mkokoteni ule kati ya vigingi viwili, na kaka yake Seni akimuuliza kama kampuni imeanza kubeba mbolea kwa maksai. Ijumaa alipoondoka, ile kinyume ilikuwa imemwingia mikononi, haihitaji tena kufikiriwa.

Jumamosi asubuhi yadi ilijaa. Makuli walikaa juu ya magunia, madereva wawili watatu wakaegemea ukuta, Liberatus akasimama mbele yao. Bujiku akapanda, akatia gia ya nyuma, akatazama kioo. Mkia ulitakiwa uende kushoto kidogo. Akazungusha usukani kulia.

Mkia ukaenda kulia.

Akadhani hajazungusha vya kutosha, akaongeza. Tela likajikunja, kona yake ikaichubua nguzo na ubao mmoja wa bodi ukapasuka kwa kishindo. Makuli waliangua kicheko. Mmoja akasema huyu Msukuma amezoea maksai, na maksai hawana rivasi, mwacheni. Makame hakucheka. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akamwambia Liberatus kwamba yeye kwa upande wake alijitahidi, ila mtu na asili yake.

Bujiku alishuka. Akaenda kusimama kati ya lori na tela, akatazama chini. Hapo ndipo alipoona. Chuma cha kuvutia kilikuwa kimeungwa nyuma ya lori kwa pini. Upande wa pili kiliungwa kwenye magurudumu ya mbele ya tela, nayo yanageuka kulia na kushoto chini ya sahani ya chuma. Maungio mawili. Mkokoteni wa baba yake una moja tu. La kwanza linageuza, la pili linageuza tena lililogeuzwa. Na maungio yote mawili aliyapaka grisi yeye, kwa mikono yake, kila wiki, kwa miaka sita.

Hasira ilimpanda. Alijichukia yeye kwanza. Kisha akageuka kumtafuta Makame.

Makame alikuwa ameshaamriwa aliondoe lori na kuliingiza mwenyewe. Alikwisha kukaa, kiwiko dirishani. "Bujiku, nenda nyuma ukanipigie," alisema, kama kwamba hakuna lililotokea.

Bujiku hakwenda nyuma. Alikwenda kusimama kwenye mlango wa dereva, akakodoa macho kwenye ile mikono. Makame akamkemea, Liberatus naye akamkemea, lakini hakubanduka. Basi Makame akalivuta lori mbele mpaka likanyooka, akaanza kurudi. Mkia ulitakiwa kwenda kushoto, na mkono wake ukazungusha kushoto, kidogo tu. Tela lilipoanza kuitika, mkono ukarudi upesi kulia kulifuata. Hivyo tu. Miaka sita kwa jambo hilo tu! Hatua chache baadaye Makame akakanyaga breki, akasema hawezi kuendelea bila mtu nyuma, haoni.

"Ndugu Liberatus," Bujiku alisema, "huyu alinifundisha mkokoteni. Lori nimefundishwa sasa hivi. Naomba nirudie."

Liberatus aliitazama nguzo iliyochubuka, akamtazama Makame, ambaye ghafla alikuwa na shughuli na kifungo cha shati lake. Akasema mara moja tu. Kikiguswa kitu tena, hata hiyo kazi ya utingo asiihesabu.

Makame akashuka taratibu. Bujiku akapanda, akafunga mlango.

"Nenda nyuma," alimwambia. "Ukanipigie."

Makame alikwenda. Bujiku akalivuta lori mbele, akalinyoosha, akaanza kurudi, kushoto kidogo, kulia kidogo, mkia ukaingia katikati ya nguzo bila kuzigusa. Makofi mawili. Akaendelea. Makofi mawili. Ghala lile alilijua kwa nyuma kuliko mtu yeyote pale. Kwenye lango kulikuwa na mfereji wa saruji, na magurudumu ya mbele ya lori yakishadunda humo, tela limebakiza hatua moja kufika ukutani. Yakadunda. Makofi mawili. Akarudi taratibu mno, akihesabu kwa kichwa chake. Makofi mawili tena, ya nguvu.

Bujiku akakanyaga breki. Akazima injini, akachomoa funguo, akashuka.

Kati ya tela na ukuta palikuwa na nafasi ya shubiri moja. Makame alikuwa amesimama kando, kiganja bado kiko juu, tayari kupiga mengine. Liberatus alifika nyuma ya Bujiku, akaitazama ile shubiri, kisha akakitazama kile kiganja.

"Mzee Makame," Bujiku alisema. "Miaka sita nimesimama hapo ulipo. Sijakupigia hata kofi moja la uongo."

Makame aliteremsha mkono, akaupangusa kwenye suruali, akaanza kueleza habari ya jua lililompiga machoni, humo ndani ya ghala. Bujiku hakumsikiliza. Alijikuta amenyoosha mkono kumpa funguo, kama alivyozoea kufanya Igawa. Akautazama mkono wake mwenyewe kwa chuki, akaurudisha, na funguo akazitia mfukoni.