Maumivu ya Jumamosi

Mwanangu ni daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu nisipolisema mimi atalisema jirani yangu, fundi viatu, ambaye akiona mteja mgeni kwenye kibaraza changu cha kushonea humwahi: "Huyo anayekupima kiuno, mwanawe anafungua vichwa vya watu." Mteja hushtuka, hunitazama upya, akasimama wima kama yuko mbele ya hakimu. Heshima naipata, sikatai. Mwana mwenyewe ndiye simpati.

Mtu asinielewe vibaya, hatukugombana. Hospitali yake iko mji mwingine, nusu siku kwa basi, na watu hawataacha kuvunjika migongo eti kwa sababu mama wa daktari ana hamu ya mwanawe. Mara ya mwisho alikuja kumzika baba yake, akalala usiku mmoja, akaondoka na simu sikioni. Nikimpigia husema, "Mama, niko na mgonjwa, nitakupigia." Na hupiga kweli, simsingizii. "Hujambo, mama?" "Sijambo, baba, mzima kabisa. Wewe?" "Mzima." Baada ya hapo tunanyamaza, kila mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake, hadi mmoja aseme haya basi.

Huyu ni mtoto aliyelelewa chini ya meza ya cherehani. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ikianguka yeye ndiye aliyetambaa kuifuata, ndiyo maana nikamwita Bobini. Kushona upindo alijua kabla ya kujua kusoma. Sasa anashona watu, na mimi naambiwa na wengine kwamba ana mkono mwepesi.

Siku moja, Jumamosi asubuhi, nimewasha redio nikisubiri muziki, nikasikia sauti yake. Mtangazaji alikuwa amemwalika ajibu maswali ya wasikilizaji kuhusu kichwa, mgongo na mishipa. Nilisimamisha cherehani katikati ya mshono. Dereva wa lori alipiga simu, akalalamika mgongo. Bobini wangu akamwambia, polepole, "Pole sana, kaka. Hebu niambie, maumivu yanabaki kiunoni au yanashuka mguuni?" Dereva akaeleza weee, hadi habari za mkewe na godoro. Daktari hakumkatiza. Akamwambia maumivu mengi ya mgongo hupoa yenyewe, asikimbilie kisu, lakini asijilaze kitandani kutwa akidhani anapumzika. Atembee, asinyanyue mzigo kwa kuinama, akunje magoti. Akamuuliza na jina la mtoto wake mdogo.

Nilimwonea wivu yule dereva. Naona haya kusema, lakini nilimwonea wivu yeye na mgongo wake.

Jumamosi iliyofuata nikaazima simu ya fundi viatu ili namba yangu isionekane. Nikakaa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga kanyagio bila uzi, nikaweka kipande cha kitambaa mdomoni, nikajitambulisha kuwa ni msikilizaji tu, nikasema kichwa kinaniuma. Kilikuwa hakiniumi hata chembe. Mwanangu akaniuliza kinauma upande gani, kimeanza ghafla au taratibu, nalala saa ngapi, nakunywa maji, macho nimepima lini. Hakuna mtu aliyeniuliza habari zangu namna ile tangu nimefiwa. Akasema kichwa cha kawaida nisikiogope. Cha kuogopa ni kile kinachopasuka ghafla, maumivu ambayo mtu hajawahi kuyapata maishani, au kinachokuja pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea na maneno kukwama. "Hapo msikae kuombeana na kupakana mafuta," alisema. "Hapo ni hospitali mbio." Nikajibu, "Asante, daktari," nikakata simu, nikakaa na ile simu ya watu mapajani mpaka mwenyewe akaja kuidai.

Baada ya hapo ikawa desturi. Jumamosi hii shingo, Jumamosi ijayo mguu unaowaka moto kuanzia tako hadi kisigino, nyingine kizunguzungu. Kila mara mguu wangu niliuweka kwenye lile kanyagio nikilikanyaga taratibu, nalo likilia, maana nisipofanya hivyo sauti hutetemeka. Fundi viatu alikuwa ananiletea simu mwenyewe, misumari ikiwa bado mdomoni. "Dada, leo tunaumwa wapi?"

"Pita kule na viatu vyako."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini anayeyazusha sijui humuumbua nani."

Ugonjwa wa kweli nilikuwa nao mmoja, wala sikuwahi kuupigia simu. Kidole gumba cha mkono wa kulia na viwili vinavyofuata vilikuwa vinaingia ganzi. Asubuhi naamka navipunga kama mtu anayekung'uta maji, pini zinanidondoka, sindano natunga kwa mkono wa kushoto. Lakini hilo lilikuwa la kweli, na la kweli ukimwambia mwanao unamtia wasiwasi bure. Mzima kabisa, baba.

Sasa uongo nao huisha, kama kitambaa. Ilifika Jumamosi sina ugonjwa mpya. Nikakumbuka msikilizaji wa wiki iliyopita alitaja jambo fulani, nusu nililisikia, nusu lilinipita kwa sababu ya mteja aliyekuja kudai suruali yake. Nikaamua kulitumia hivyo hivyo lilivyo. Nikasema, "Daktari, mgongo unaniuma, halafu nina ganzi hapa ninapokalia, na haja ndogo imegoma."

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Ganzi imeanza lini?" Sauti ilikuwa imebadilika.

"Jana."

"Miguu yote miwili imelegea?"

"Yote miwili," nikasema. Nilikuwa nimenogewa.

"Sikiliza vizuri. Hilo si la kusubiri Jumatatu. Inawezekana mishipa ya mwisho kabisa ya uti wa mgongo imebanwa, na ikikaa imebanwa unaweza usitembee tena. Hospitali za huko hazina kipimo chake. Tafuta mtu akusindikize, panda gari, njoo kwangu leo hii. Nitakuwepo mimi mwenyewe. Unanisikia? Njoo."

Mtangazaji akakohoa, akaweka muziki.

Ningekuwa mtu mwenye akili timamu ningeona aibu. Lakini mimi neno lililobaki sikioni lilikuwa moja tu, njoo. Tangu kaburi la baba yake lisawazishwe nilikuwa nalingoja neno hilo. Nilivaa gauni la kitenge nililokuwa naliwekea siku maalum, nikafunika cherehani, nikamrudishia fundi viatu simu yake.

"Unakwenda wapi na ganzi yote hiyo?" akaniuliza.

"Naitwa."

Basini simu yangu ilianza kuita kabla hatujatoka mjini. Ni yeye. Nikaiangalia ikiita hadi ikachoka. Kelele za basi zingeniumbua, na isitoshe, kusema kweli, ilinipa raha. Ikaita tena, na tena. Miaka yote hajawahi kunitafuta hivyo. Nikaigeuza kifudifudi mapajani, nikasema moyoni, mama yuko na mgonjwa, atakupigia.

Alasiri nikafika. Alikuwa amesimama getini, amevaa koti jeupe, mbele yake kiti cha magurudumu, na kando yake muuguzi ameshika karatasi. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanangu ana mvi. Nilitaka kulia pale pale, lakini yeye aliniwahi kunishika mabega, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake, mbele ya mlinzi na watu wote, likawa, "Mama, umekojoa?"

"Mara mbili," nikasema. "Basi lilisimama njiani."

Akanitazama miguu. Nilikuwa nimesimama juu ya yote miwili, na mfuko mzito mkononi. Akakisukuma kile kiti, kikarudi nyuma taratibu hadi kikagonga ukuta.

"Ulijuaje nakuja?" Ndilo swali nililoliona la maana.

"Studio walinipa namba uliyopigia. Fundi viatu akasema umeshapanda basi." Akajifuta uso kwa mikono miwili. "Nimeandaa chumba cha upasuaji, mama. Nimempigia mtu wa dawa za usingizi aache sherehe ya mwanawe. Nimepiga simu yako njia nzima, nikadhani umezimia kwenye kiti."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale getini. Muuguzi alitazama karatasi yake kana kwamba kuna kitu kipya kimeandikwa. Nikausema ukweli. "Nilitaka unione."

Alinichukua mfuko, akatangulia, nikamfuata kwenye korido ndefu yenye harufu ya dawa ya sakafu. Ndani ya chumba chake kulikuwa na kitanda chembamba, mfano wa uti wa mgongo uliotundikwa, na sinki. Akanawa mikono kwa muda mrefu, amenipa mgongo.

"Ulinitambua leo tu?" nikamuuliza.

"Mara ya kwanza kabisa. Hilo kanyagio linalia vile vile. Nimelala chini yake miaka mingapi?"

"Na hukusema."

"Ningekuita mama hewani, usingepiga tena." Bado alikuwa ananawa. "Nikikupigia mwenyewe unaniambia mzima kabisa, halafu tunanyamaza. Kule redioni ulikuwa unaongea. Nilijua unadanganya, mama. Maumivu yako yalikuwa yanahama kila wiki. Lakini nilikuwa naingoja Jumamosi. Leo niliogopa kwamba safari hii ni kweli."

Watu wawili wazima, kila mmoja anaingoja Jumamosi, na barabara ipo na mabasi yapo.

Akafunga bomba, akageuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bobini."

"Panda kitandani. Umefika, basi nitakupima."

Alinipima kama anavyopima watu. Nyundo ndogo ya mpira ikagonga magoti, miguu ikaruka yenyewe. Akaniambia nisukume, nivute, nisimame kwa visigino. Kila aliponigusa niliomba moyoni asimalize haraka. Alipofika mkono wa kulia akatulia. Akabonyeza nyama ya chini ya kidole gumba, pale palipokuwa pamenona zamani, sasa pamebonyea.

"Hii imeanza lini?"

"Mkasi huo. Si kitu."

"Mshipa umebanwa hapa kwenye kifundo cha mkono. Ni upasuaji mdogo. Katika magonjwa yote uliyonipigia simu, huu hukuutaja."

"Ningekutia wasiwasi."

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akaulaza mkono wangu juu ya goti lake. "Funga macho. Nikikugusa kidole, sema ndiyo."

Nikafunga. Akagusa cha mwisho, kile kidogo. "Ndiyo," nikasema. Nikasubiri. Nje kitoroli kilipita kikigongana na vyombo vyake. Nikasubiri tena. Nikafikiri ameitwa na mgonjwa, yuko mlangoni, atasema nitakupigia.

"Mbona umeacha?" nikauliza.

"Sijaacha."

"Basi gusa."

"Nimekugusa, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa karibu sana. "Muda wote huu nimekugusa."

Nikafumbua macho. Kidole chake kilikuwa kimelala juu ya kidole gumba changu, na sikuwa nimekisikia. Nikamwambia asikiondoe.