Nati ya Kumi

Mutuku alikuwa mwalimu wa fizikia, na alifungua injini kama anavyoandaa somo. Kila nati aliyoitoa aliiweka kwenye trei ya mayai, katika kishimo chenye nambari yake. Saa nne na nusu asubuhi, nati ya kumi, ya mwisho ya kushikilia stata mpya, mota ya kuwashia injini, ilimponyoka vidoleni. Aliisikia ikigonga chuma mara mbili. Kisha kimya.

Gari lilikuwa dogo na la zamani, limeegeshwa uani mwa nyumba aliyopanga na mkewe Kiganjo. Stata yake ilijificha nyuma ya injini, chini ya bomba la hewa. Ili kuifikia, ilimbidi aliondoe bomba lote, na hapo matundu manne ya kuingizia hewa yakabaki wazi. Aliyaziba kwa vitambaa. Sasa alimulika tochi na kuona kitambaa cha tatu kimelegea. Nafasi iliyobaki ingepitisha kidole.

Kama nati iliangukia kando ya stata, hakukuwa na hasara. Kama iliingia katika tundu la tatu, injini ingejivunja mara tu itakapowashwa.

Mkewe, Anita, alitakiwa hospitalini Nyeri saa nane kwa upasuaji wa kujifungua. Hakuwa amekula tangu jana jioni. Presha yake ilikuwa juu, na daktari alikuwa amekataza pikipiki. Gatimu, mwenye teksi waliyemtegemea, alikuwa mazishini Wang'uru. Madereva wengine wawili hawakushika simu. Fundi alikuwa ameahidi kuja kesho. Mutuku ndiye aliyesema kwamba angebadilisha stata mwenyewe kwa muda wa saa mbili tu.

Aliingiza mkono nyuma ya injini. Ulikwama kabla ya kufika kiwiko. Aliutoa ukiwa umechubuka.

"Anita," sauti ikatoka mlangoni mwa jikoni, "uliza mwalimu ni nini amepoteza."

Alikuwa Waithira, mama yake Anita, aliyefika kutoka Kangari siku tisa zilizopita. Mutuku alikuwa Mkamba, na kwao mkwe hamkaribii mama mkwe wala hagusani naye. Waithira naye alilelewa hivyo hivyo. Kwa siku tisa walikuwa wamezungumza kupitia Anita, hata wakiwa chumba kimoja.

"Mwambie mama ni nati," Mutuku akajibu akitazama chini.

"Mmesikiana," Anita akasema kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. "Mimi si redio."

Mutuku alifunga sumaku ya spika kuukuu kwenye uzi na kuiteremsha. Ilinasa chuma cha kwanza ilichokutana nacho. Aliivuta, akarudia, ikanasa palepale. Saa tano ikapita. Anita aliacha kufanya mzaha na kuanza kutazama simu kila dakika.

Ndipo Waithira alipovuka ua akikunja mkono wa sweta. Mikono yake ilikuwa myembamba, iliyochuma majani chai kwa miaka thelathini.

"Mwalimu, sogea."

Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia Mutuku moja kwa moja. Mutuku alirudi nyuma hadi kwenye ua wa michongoma.

"Ati unaenda wapi? Nani atanishikia tochi? Ng'ombe?"

Alirudi. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mwanga ungefika, na mahali hapo palikuwa nyuma ya bega la Waithira. Mutuku alisimama hapo, kifua chake kikigusa sweta ya mama mkwe, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Usinipumulie shingoni."

"Samahani, mama."

Mkono ulizama hadi begani. Waithira alifumba macho. "Hapa iko na waya. Hapa kitu kama sikio. Hapa kitambaa."

"Kitambaa usikivute! Tafadhali, mama. Usikisukume pia."

"Nimesikia." Akaendelea kupapasa. "Iko juu yake. Kwa ukingo. Inatingika."

Mutuku alijua maana yake: ikisukumwa kidogo tu, nati ingetumbukia. Alitaka kumwambia atoe mkono, lakini hata kuutoa kungeweza kuidondosha.

"Kidole kimoja hapana," Waithira akajisemea. "Mbili. Kama jani changa." Bega lake likatulia kabisa. Anita aliinuka kitini bila kujua.

Mkono ukatoka polepole, mweusi kwa grisi, nati ikiwa kati ya vidole viwili. Kwa kawaida angempa Anita, naye Anita ampe mumewe. Safari hii aliiweka kiganjani, akamfungulia Mutuku. Mutuku akaichukua nati mwenyewe.

Hata hivyo alivitoa vitambaa vyote vinne, kimoja kimoja, akavihesabu mara mbili, akamulika kila tundu. Alipomaliza kufunga, ilikuwa saa saba na dakika kumi. Aliunganisha betri na kugeuza ufunguo. Injini iliwaka. Hakuthubutu kutabasamu, aliinamisha kichwa, akasikiliza kama kuna kitu kinachogonga.

Anita alilazwa kwenye kiti cha nyuma. Kilibaki kiti kimoja tu, cha mbele, kando ya dereva. Waithira alikitazama, akaingia, akafunga mkanda.

Walipofika barabara ya lami, aliuliza akiangalia mbele, "Mwalimu, ile yangu umekaza?"

"Nimekaza, mama."

"Sawa. Sasa kimbiza gari."