Benchi la Bomani

Bibi Editha alitolewa Kilosa kwa gari hadi Mikumi, eti akaeleze asili ya benchi la kikoloni ambalo Oliver, mwenye hoteli, aliwawekea wageni wake wakae wanywe kahawa.

“Shikamoo, bibi. Hizi alama za pembeni ni za panya?”

“Marahaba. Panya gani? Ni meno ya watu! Waliokosa kodi walilazwa juu ya benchi hili kule bomani, wakachapwa viboko huku wameuma ubao. Baba yangu alinionyesha alama yake. Hii hapa.”

Oliver akachekelea huku akiandika kwenye simu. “Safi sana! Wageni watalipenda zaidi.”

Bibi Editha akainua mkongojo wake.

“Lala hapo kwanza,” alisema, “halafu ndiyo uandike.”