Bustani Imekukumbuka

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, na mama ameiinamia kama mtu amsikilizaye mtoto mchanga anayejaribu kusema. Kwenye kioo cha simu maua ya zambarau yalichanua moja baada ya jingine. Mkoba wa safari ulikuwa mlangoni, haujafungwa.

"Mama, gari linangoja. Dada ameingia wodi ya wazazi tangu alfajiri," mwanawe alimhimiza.

"Nimesikia, baba. Mwambie nitakuja Jumatatu. Msimu unafungwa Jumapili, na kule kwake mtandao unasuasua. Nimebakiza ngazi nne nipate mti wa dhahabu."

"Mjukuu hasubiri Jumatatu."

"Jumatatu mjukuu atakuwepo. Mti hautakuwepo." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ajuaye kwamba hana hoja. "Usinikodolee macho. Tiketi nimeilipia."

Mwana akaketi. Habari ya tiketi alikuwa akiijua kuliko mama. Katika kampuni iliyoutengeneza mchezo ule, yeye ndiye mwandishi wa jumbe fupi zinazochomoza kwenye simu za wachezaji kuwahimiza warudi. Mchezaji hununua tiketi ya msimu, kisha sharti acheze kila siku apate kupanda ngazi. Msimu ukifungwa hajafika juu, zawadi hufutwa na fedha zimekwenda. Kazini walimwita Ulimi wa Asali, kwa kuwa jumbe za kabla yake zilikuwa kavu kama notisi ya kukatika maji. Yeye, aliyelelewa katika mizani na vina, alizitia joto. Na joto hilo hakulitafuta mbali: alilichota kinywani mwa mama yake, jinsi alivyokuwa akimwita arudi nyumbani enzi za utoto. Wachezaji waliorejea wakaongezeka maradufu. Alipongezwa, wala hakujiuliza waliorejea ni akina nani, na wameacha nini nyuma yao.

Simu ikalia. Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti, taratibu, kama asomaye barua.

"'Umechelewa leo, kipenzi. Bustani imekukumbuka.'" Akamgeukia. "Unaona? Hawa kila siku wananiulizia. Wewe mara ya mwisho kunipigia ilikuwa lini?"

Hakulisema kwa ugomvi, na ndiyo maana lilimpenya hadi kwenye mifupa. Angeweza kubuni uongo. Angeweza kusema daktari ameagiza aje upesi. Lakini kwa siku moja alikwisha kumhadaa vya kutosha.

"Mama, hapo hakuna anayekukumbuka. Maneno hayo nimeyaandika mimi, Jumanne, huku nakunywa chai. Yamewafikia watu laki tatu kwa pamoja, na kila mmoja ameitwa kipenzi."

Akangoja hasira. Aliitamani, kwa maana hasira ya mzazi ingalimpunguzia mzigo. Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akakawia kuifuta. Alipoinua uso, uso ulikuwa umekunjuka.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Siku zote hizo unaniandikia, nami nanung'unika kwa jirani kwamba umenisahau."

"Sikukuandikia wewe, mama."

"Si umesema maneno ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi."

Akaitia simu mfukoni bila ya kuyatazama maua, akaufunga mkoba, akasimama kwa wepesi ambao mwana hakuuona kwake tangu baba alipofariki. Naye mwana akaleta istighfari kimoyomoyo, asijue aanzie dhambi ipi: ile ya kumnyima mama sauti yake kwa kutompigia, au ile ya kuiuza kwa wengine.

Walishuka ngazi polepole. Penye gari mama akamshika mkono, macho yamemng'aa kama ya binti aliyeahidiwa kitu.

"Na ya kesho," akauliza, "umeniandikia nini?"

Ya kesho ilikuwa imekwisha kuwekwa tayari, ikingoja saa yake: *Ukiondoka sasa, kipenzi, usije ukasema hukuitwa.*

Akamfungulia mlango, akauweka mkoba miguuni pake, akamfunga mkanda. Mama alikuwa bado anamtazama, akingoja.