Timu ya Taifa ya Mtu Mmoja

Kenya ilikuwa na timu moja ya taifa ya besiboli ya wanawake na vyama viwili vya kuichagua. Kama huujui ugomvi wa vyama vya michezo, mshukuru Mungu wako, ulale usingizi. Chama cha Nairobi kiliongozwa na Madam Teresia, cha Mombasa na Mzee Sylus. Kila mmoja alikuwa na muhuri wake na katiba yake, na kila mmoja alimwita mwenzake tapeli. Ulipofika wakati wa mchujo wa mashindano ya Kampala, Teresia alisema hakanyagi Mombasa, naye Sylus akaapa kwamba Nairobi atapelekwa akiwa maiti. Ikaamuliwa waende Voi, kwa kuwa treni husimama pale. Teresia alipotazama ramani na kugundua kwamba Voi iko karibu zaidi na Mombasa, alinuna siku mbili, mpaka akaahidiwa hema lenye kivuli.

Siku ya mchujo Koki Musyimi alifika uwanjani kabla ya wote, raba zake amezisugua kwa mswaki. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, kuvaa fulana iliyoandikwa KENYA. Mkono wake ulifundishwa na nyani. Tangu utotoni alilinda mahindi ya mama yake, Nduku, kule upande wa Ndara, kwa mawe, na nyani wa kule hawamwogopi mtu asiye na shabaha. Alipofika sekondari, mwalimu wa michezo akampa mpira wa besiboli badala ya jiwe, kisha akaenda kumtafuta mtu wa kuudaka. Watatu walijaribu. Wa nne alidai glavu mbili.

Kwa hiyo Koki hakuwa na wasiwasi na mkono wake. Tatizo lilikuwa fomu.

"Musyimi?" karani wa hema la Mombasa aliuliza. "Hilo si jina la Kikamba? Nafasi hizi ni za Wapwani, dada. Nenda hema lile."

Akaenda hema lile. Karani wa Nairobi akageuza kitambulisho huku na huku. "Hapa pameandikwa Voi. Voi ni Pwani. Rudi huko ulikotoka."

"Ndiko nimetoka sasa hivi."

"Basi njia unaijua."

Swali la kwenu ni wapi Koki alikuwa amelizoea kama vumbi la Voi. Baba yake alitoka Kitui kuja kufanya kazi ya reli, akaoa, akazaa, akazikwa papo hapo Voi. Sokoni Mwatate akinunua mboga anaitwa Mkamba. Akienda Kitui kumwamkia nyanya yake, majirani wanakuja kumsikiliza akiongea Kikamba kilichochanganywa na Kidawida cha wenyeji wa Voi, wacheke hadi washike mbavu, kisha wamuulize anarudi kwao lini. Siku zote alikuwa akicheka nao. Lakini siku hiyo ilimuuma, na akalia wazi wazi nyuma ya sufuria za mama yake, maana Nduku ndiye aliyepewa kazi ya kupikia wageni.

"Futa macho ulinde chapati," Nduku alimwambia. "Nyani hawana habari na uchungu wako."

Kweli hawakuwa na habari. Saa sita, wenyeviti wakizozana ni nani afungue mchujo kwa maombi, dume moja la nyani lilishuka kutoka kwenye ukuta, likanyakua mfuko mzima wa chapati na kukata uwanja kwa madaha, kama mgeni rasmi. Watu wakapiga mayowe. Koki alitazama chini akaona mpira umebingirika hadi miguuni pake. Hakufikiri. Mpira uliupata mfuko wenyewe, hatua hamsini, ukautoa mkononi mwa nyani bila kumgusa hata unywele. Nyani akasimama, akautazama mkono wake mtupu, akamtazama Koki, akaondoka kwa heshima zake.

Kisha wenyeviti wakatimua mbio, na sijawahi kusikia watu wazima wakikimbia vile kwa sababu ya chapati.

"Huyu ni mtoto wetu!" Teresia alifika wa kwanza. "Musyimi! Damu ya Kitui! Kitui iko upande wangu!"

"Kazaliwa Voi, kitovu chake kiko Voi!" Sylus alihema. "Mpwani huyu, tena Mpwani halisi!"

Teresia akamshika mkono wa kulia, Sylus wa kushoto. Sylus alipokumbuka kwamba wa kurushia ni wa kulia, akazunguka ili aushike huo huo.

"Binti," alisema, "mkataa kwao mtumwa."

"Mzee, mimi sijakataa kwetu," Koki alijibu. "Kwetu ndiko kunanikataa. Asubuhi nimefukuzwa na mahema yote mawili."



Unadhani wenyeviti walipatana? Thubutu! Jioni mmoja alipanda treni ya kwenda juu, mwingine ya kwenda chini, na kila mmoja akatuma kwa simu yake orodha yake ya wachezaji kumi na wanane kwa ofisi ya kimataifa ya besiboli, yenye muhuri, akisema hii ndiyo Kenya, ile nyingine ni ya matapeli.

Jibu lilikuja Jumanne, na walitumiwa wote, hata Koki, ambaye alilisomea shambani ameketi juu ya debe. Ofisi ilisema imepokea timu mbili za Kenya. Imezilinganisha. Majina yote ni tofauti isipokuwa moja. Kwa hiyo mchezaji anayekubaliwa na pande zote ni Koki Musyimi, na kwa sasa ndiye timu ya taifa. Orodha mpya iwe na saini yake na ifike kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo Kenya iondolewe.

Koki alisoma mara tatu, kisha akampigia mama yake kelele kuvuka mahindi. "Mama! Mimi ni timu ya taifa!"

"Vizuri," Nduku alijibu. "Timu ya taifa iangalie huko bondeni, naona wawili wanakuja."

Siku hiyo walikuwa nyani. Kesho yake walikuwa wenyeviti. Teresia alileta unga na sukari, Sylus leso na maneno matamu, na Nduku alipokea vyote bila upendeleo. Kila mmoja alikuwa na kalamu na orodha tayari ya kutiwa saini. Koki hakugusa kalamu. Nisiwadanganye, alitamani. Saini moja tu na fulana ilikuwa yake. Lakini aliwaza juu ya wale wengine kumi na saba ambao wangekatwa majina asubuhi moja kwa sababu ya hema walimosimama.

"Waleteni wote hapa kesho," alisema. "Pande zote."

Waliletwa, wasichana thelathini na wanne. Koki aliweka debe juu ya kigingi mpakani mwa shamba na kugawa mipira. Kila mtu arushe, adake, apige gongo. Jina la kwanza tu, hakuna fomu, hakuna kuulizana kwenu. Sylus alipojaribu kunong'ona kwamba yule mrefu ni wa Kwale, Nduku alimpa jiwe akamtuma kulinda kona ya mashariki. Teresia alicheka, akapewa kona ya magharibi. Jioni debe lilikuwa limebonyea pande zote, nyani hawakuonekana siku nzima, na Koki akaandika majina kumi na saba. La kumi na nane akaandika lake, akatia saini.

Wiki iliyofuata basi lao lilifika mpaka wa Uganda. Foleni ikasonga. Koki alikuwa na fulana yake, lakini jibu alikuwa amelitayarisha tangu Nakuru. Kwamba kazaliwa Voi, lakini baba ni wa Kitui, ila kazikwa Voi, na kitambulisho ni cha Pwani, jina ndilo la Kikamba, lakini anaweza kueleza.

Ofisa alifungua pasipoti bila kuinua kichwa. "Unatoka wapi?"

"Kenya," Koki alisema, akavuta pumzi ili aendelee.

Ofisa akagonga muhuri. "Karibu."

Koki akabaki amesimama. "Ni hivyo tu?"

"Kwani kuna kingine?"

Hakikuwepo. Nyuma yake Teresia na Sylus walikuwa wanasukumana ni nani atangulie dirishani kama kiongozi wa msafara, na ofisa akawaambia wote wawili warudi mwisho wa foleni. Koki hakugeuka. Alikuwa ameifungua pasipoti tena, anautazama ule muhuri, na machozi yanamtoka.