Dawa Zilizopata Sauti

Mfamasia alikuwa akipanga dawa za viungo kwenye rafu ya mbele pale kopo moja lilipoanza kukoroma kama nguruwe. Lilikuwa na nembo ya halali, ya kijani, iliyoidhinishwa na mamlaka. Akalifungua. Vilivyokuwa vikikoroma ni vidonge vyenyewe, au tuseme maganda yake, yaliyotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Akafungua mengine. Moja likalia kama ng'ombe. Jingine, lisilo na nembo, likavuma taratibu kama bahari, kwani maganda yake yalikuwa ya mwani.

Akampigia simu mama mkwe wake, ambaye magoti yalimfunga ndani siku nyingi na dawa alizikataa zote. "Tumbo langu si jalala," alizoea kusema. "Niambieni kwanza nameza nini." Hakuna aliyeweza kumwambia. Sheria ilitaka nembo tu. Kilichomo haikudai kitajwe.

Mama alikuja kwa teksi. Alitega sikio kopo baada ya kopo, kama anayechagua tikiti maji sokoni. Kwenye lile la bahari akatulia.

"Hili halina neno, mwanangu. Nipe na maji."

Haukupita muda mrefu akawa anapanda ngazi kuanika nguo mwenyewe, huku akiwasema majirani wazembe. Habari zikaenea. Duka likajaa watu wa kusikiliza na kucheka. Mwalimu mmoja alikuta dawa yake ya kikohozi inavuma kama nyuki, akaondoka nayo kifua mbele.

Ndipo akaja mkaguzi. Alilisikiliza kopo lenye nembo kwa adabu, mpaka likanyamaza.

"Nimesikia," alisema. "Ila sheria inatambua nembo, haitambui sauti. Hili ni halali. Hilo la bahari huwezi kusema ni halali."

"Mimi sisemi, kaka," mfamasia alijibu. "Linajisemea."

Mkaguzi alipekua kanuni zote, asione kifungu kinachokataza dawa kusema. Akaamuru makopo yenye nembo yabaki mbele, na ya bahari yapelekwe rafu ya nyuma, wasikopita wateja. Mama mkwe, aliyekuwapo dukani, alijitolea kuyabeba. Alikwenda nayo akiyumbisha mabega, maana yalikuwa yakivuma vizuri.

Kazi ilipokwisha, mkaguzi alifunga mkoba wake, akaliangalia lile kopo la mbele lililoanza tena kukoroma, kisha akamwinamia mfamasia.

"Nina mgongo unanisumbua," alisema. "Nipe ya nyuma."