Chumba cha Kati

Kigingi cha nne kilipigwa katikati ya baraza, pale hasa ambapo wanaume wa nyumba ile walikuwa wamekaa kwa miaka hamsini wakingoja wali uive. Kilikuwa kijiti tu, kimepakwa rangi nyeupe kichwani, na aliyekipiga aliomba radhi kabla ya kuinua nyundo. Yakubu alisimama mlangoni akakitazama. Alikuwa mwashi, na jicho lake lilikuwa limezoea kuona upesi kitu kilichokwenda upande. Kigingi kile kilikuwa kimesimama wima, hakina kasoro.

Ulikuwa mwaka wa 1953, na mji wa Kasongo, huko Kongo, ulikuwa unanyooshwa. Bwana wa ramani, Mbelgiji kijana mwenye sauti ya chini na shingo iliyobabuka kwa jua, alifika wakati wa kiangazi na karatasi kubwa ambayo ndani yake hapakuwa na njia hata moja iliyopinda. Kila mwanamume aliyeandikwa angepewa kiwanja chake, na katika kiwanja hicho angejenga nyumba moja ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, na nyuma yake jiko na choo. Mutu moja, nyumba moja, ndivyo alivyowaambia watu kwa Kiswahili chake, akiinua kidole kimoja ili aeleweke vizuri.

Nyumba ya akina Yakubu haikuwa ya mtu mmoja. Babu yao aliijenga muda mfupi baada ya vita vya wazungu na Waarabu, kwa udongo uliokandwa na miguu ya ukoo mzima, kuta zake unene wa mikono miwili, dari yake ya magogo ya mvule. Ilikuwa na milango mitano ya nje, ua mmoja wa ndani, na ukumbi mrefu uliopita katikati ya vyumba vyote. Yakubu na mkewe Asumini walikaa upande wa mashariki na watoto wao sita. Mdogo wake Kasimu alikaa magharibi. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vya binamu yao Grégoire, aliyebatizwa misheni akawa karani ofisini, na msalaba wake ulitundikwa upande wa pili wa ukuta ambao Kasimu aliuelekea akiswali. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Chumvi, makaa na habari zilipita ukumbini bila mtu kuvaa viatu, na mtoto aliyelia upande mmoja alinyamazishwa upande mwingine.

Chumba cha kati kilikuwa cha shangazi yao Mwavita. Alizaliwa wakati wa vita vile, ndipo akapewa jina hilo, na aliingia katika nyumba ile akiwa mgongoni mwa mama yake, kuta zikiwa bado na unyevu. Aliolewa mji wa Kabambare. Mumewe alipofariki bila kumwachia mtoto, alirudi na sanduku moja, akafunguliwa chumba kile, na tangu hapo nyumba ikazoea kumzunguka. Hakuna aliyekwenda kisimani au shambani bila kupita mlangoni pake. Alijua nani amekosana na mkewe kwa kusikia tu jinsi alivyokanyaga.

Siku ile ya kigingi Mwavita aliuliza neno moja tu: katika karatasi ya mzungu, chumba chake kiko wapi? Yakubu akasema ataulizia.

Aliyeuliza ni Grégoire, na jibu alilileta jioni akiwa amekaza macho kwenye viatu vyake. Mwanamke asiye na mume hapewi kiwanja. Shangazi ataandikwa katika kadi ya Yakubu kama mgeni, kwa siku kumi na nne. Zikiisha, ataombewa nyingine kumi na nne, wakipenda. Wasipopenda, arudi kwa jamaa zake.

"Jamaa zake wapi?" Kasimu aliuliza.

"Nimeuliza hivyo hivyo," Grégoire akasema. "Wameandika Kabambare."

Kabambare hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumfungulia mlango. Hata hivyo Yakubu hakukata tamaa. Tangu alipoanza kushika mwiko wa uashi aliamini kwamba kazi njema haihitaji msemaji. Mtu akiiona kwa macho yake na kuigusa kwa mkono wake, atanyamaza na kuiheshimu. Akamwomba Grégoire amwalike bwana wa ramani aje aione nyumba kwa ndani.

Bwana akaja. Yakubu alimpitisha chumba kwa chumba. Alimwekea kiganja ukutani asikie ubaridi wake katika mchana ule wa jua kali. Alimwonyesha jinsi magogo ya dari yalivyounganishwa bila msumari hata mmoja, jinsi maji ya mvua yalivyoelekezwa uani yasiguse msingi. Mzungu alivua kofia. Alipima unene wa ukuta mara mbili, kana kwamba kipimo cha kwanza kilimdanganya. Alichora milango katika daftari lake. Mbele ya chumba cha kati alisimama kidogo, akamwamkia Mwavita kwa adabu, naye Mwavita akamwitikia kama alivyowaitikia wote waliopita pale.

"Iko nzuri sana," bwana akasema walipotoka barazani. "Sijaona nyumba kama hii huku."

Yakubu akahisi kifua chake kikifunguka.

"Ni huzuni," bwana akaendelea, akivaa kofia yake. "Barabara inapita hapa. Mimi sikuchora. Walichora mbali, mimi napiga vigingi tu." Na uso wake ulionyesha kwamba alisema kweli.

Neno hilo lilimwelemea Yakubu kuliko matusi. Angetukanwa, angekuwa na mtu wa kumchukia. Sasa mtu alikuwa ameitazama kazi ya babu yake, ameielewa, ameipenda, na halikubadilika lolote. Usiku na mchana alitafuta alichosahau kumwonyesha, hakukiona.

Kuta zilichukua siku kumi na moja kuangushwa. Yakubu alikataa wafungwa waliotumwa kusaidia, akaivunja nyumba mwenyewe pamoja na Kasimu, kwa sababu hakutaka ivunjwe ovyo. Kila pigo la sururu lilimrudia begani. Mwavita alikaa kwenye sanduku lake chini ya kivuli cha jamvi upande wa pili wa njia, akiwaangalia, na kila walipopumzika aliwapelekea maji. Chumba chake ndicho kilichoanguka mwisho.

Nyumba mpya zikajipanga, sawa kwa sawa. Kasimu alipangiwa kiwanja jirani, Grégoire akapangiwa mtaa wa makarani, mwendo wa robo saa. Asumini akihitaji chumvi sasa alijifunga kanga vizuri, akatoka barabarani, akabisha hodi. Baada ya miezi michache hakwenda tena.

Kibali cha Mwavita kilitolewa mara mbili. Mara ya tatu Grégoire alirudi mikono mitupu. Ndipo Yakubu akalijenga jiko lake kubwa kidogo kuliko la wengine, akalitia dirisha dogo, na hakuchimba meko ndani. Asumini alipika nje, mvua na jua. Mwavita akahamia humo na sanduku lake, ingawa katika karatasi ya mzungu lilibaki jiko tu. Njia ya watu haikupita tena mlangoni pake. Mbele yake palikuwa na ukuta wa choo. Hakulalamika. Asubuhi moja tu Yakubu alimkuta ameinamisha kichwa upande, akisikiliza.

Bwana wa ramani alirudi kukagua mwezi wa pili wa masika. Alikuja kiwanja baada ya kiwanja na karatasi yake, na Grégoire nyuma yake akitazama chini. Yakubu alikuwa ametayarisha maneno. Mzungu alipozunguka nyuma ya nyumba na kunyoosha kalamu kuelekea kile kijumba, Yakubu akapiga hatua mbele ayaseme.

Mwavita alikuwa ameshapita kando yao. Alichota vipande vitatu vya kuni zilizowaka kutoka meko ya Asumini, akaingia navyo ndani, akaviweka sakafuni mahali alipokuwa akitandika mkeka, akaweka sufuria juu yake na kuketi.

"Hii ni nini?" bwana akauliza.

"Ni jiko, bwana," Mwavita akajibu kutoka ndani.

Moshi ulijaa upesi, kwa kuwa dirisha lile dogo halikutosha kuutoa. Bwana aliinama mlangoni, machozi yakamlengalenga, akarudi nyuma. Alimtazama Yakubu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaandika, akasema jiko iko sawa, akaelekea kwa Kasimu.

Yakubu akaingia akiinama, akikohoa, akanyoosha mkono kuzitoa kuni.

"Acha kwanza," Mwavita akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa ile ile. "Bado yuko hapo jirani."

Yakubu akaketi chini kando yake, ambako moshi ulikuwa mwepesi kidogo, wakangoja.